Bendera Moja

Bendera ilikuwa moja. Msichana aliliona hilo kwanza, kabla hata ya wale askari wawili waliosimama pande zake.

Vyote vilichongwa kwenye sarafu ya shaba ya Warumi wa mwisho mwisho, ndogo kama ukucha. Mzee alikuwa ameiweka kwenye trei ya bendera mbili.

Aliona haya kumkosoa. Akaisogeza kwa ncha ya kidole.

"Mzee, hii si ya hapa."

Mzee alishusha lenzi, akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Nilikutegea! Bendera mbili ni za mwanzo. Shaba ilipoadimika, sarafu zikasinyaa, ikabaki bendera moja. Wengi hunaswa hapo. Nani kakufundisha, binti?"

"Nilifundishwa nikiwa mdogo."

"Shuleni?"

"Shule niliishia la tano."

"Usijali. Mwanangu naye yuko la tano, na mtego huo haujamnasa hata siku moja."

Msichana akainama, akaanza kusugua sarafu nyingine kwa mswaki mkavu. Alimwita "mzee" kwa sababu jina jingine lilimtia mzee huyo hofu. Msichana aliwahi kulitumia mara moja, mzee akapiga kelele kama aliyevamiwa.

"Hii sura imefutika kabisa," akasema. "Niitupe?"

"Mtu anatupwa kwa kufutika sura?" Mzee akaichukua, akaielekeza dirishani, akasoma herufi tatu zilizobaki ukingoni. "Konstansi huyu, mtoto wa Kaisari Konstantino. Ukimjua mtu hasa, unamtambua hata kwa kilichobaki."

Aliifunga kwenye kipande cha karatasi. Juu yake akaandika: *Ya mwanangu.* Kwenye droo kulikuwa na vifurushi vingi kama hicho.

Kisha akatazama saa ya ukutani, akageuza kiti kuelekea mlangoni.

"Saa nane. Sasa hivi anatoka shule. Utamwona, mwembamba, mwenye haya kama wewe."

Hiyo ndiyo saa ambayo msichana aliichukia. Mzee angengoja. Mtoto asingeingia. Mzee angelia mpaka usingizi umchukue, na kesho angengoja tena.

Leo msichana aliweka mswaki chini. Akaenda akasimama kati ya kiti na mlango, akakinga kiganja kama anayepokea kifurushi chake.

"Nilishatoka shule, baba," akasema. "Miaka kumi sasa."