Mkoba wa Bi Mwantumu

Bi Mwantumu aliposikia paka wa jirani yuko karibu kuzaa, aliushusha mkoba wake wa ukunga kutoka juu ya kabati. Tangu astaafu, miaka saba sasa, hakuna aliyemgongea mlango kwa haraka. Akachemsha mkasi huku akiimba, akamwagiza mwenye paka, fundi saa Kitwana, vitu vilevile alivyokuwa akiwaagiza waume wote wa wazazi: beseni, pamba, uzi, glovu na kanga kuukuu mbili.

Kitwana alirudi akihema, paka kamlaza ndani ya beseni. "Nimeongeza vidonge vya maumivu, Bi Mkubwa."

"Hivyo ni vya watu, vitamuua. Virudishe mfukoni."

"Na akikwama?"

"Tutambeba mbio kwa daktari wa mifugo. Namba yake hii hapa, nimeibandika ndani ya mkoba."

Alipomaliza kupanga vifaa mkobani, akavimimina vyote mkekani ili avihesabu upya, kwa kuwa mkoba wa mkunga huhesabiwa mara mbili. Alikuwa amefika kwenye mkasi Kitwana alipomgusa bega.

Paka, ambaye hakuwahi kumsogelea mgeni, alikuwa ametoka kwenye beseni na kujikunja ndani ya mkoba mtupu.

Bi Mwantumu akauweka mkasi chini taratibu, ili usitoe mlio. Akakunja mikono ya gauni hadi kwenye viwiko.

"Mume wa mzazi," akanong'ona, "funga mlango."

Kitwana akafunga. Vishikio vya mkoba vikaanza kutikisika.