Bega la Lugome

Kiharusi kilipompoozesha Lugome mkono wa kulia, mkewe Nyamvula alidhani safari za mlimani zimekwisha. Lakini nyama iliisha na baridi ilikuwa inakuja, kwa hiyo asubuhi moja walipanda pamoja, Nyamvula amebeba bunduki kuukuu ya mumewe, ya wenzo, ile chuma ya chini inayoshushwa na kupandishwa ili risasi nyingine iingie.

Mbuzi wa mlimani walikuwa kwenye ukingo wa jabali. Nyamvula alifyatua, risasi ikapiga mwamba. Mbuzi waliinua vichwa, wasijue mlio umetoka wapi.

"Mikono inanitetemeka, Baba Semeni," alinong'ona.

Lugome akapiga magoti mbele yake, akaziba sikio kwa mkono mzima. "Weka mtutu hapa begani mwangu. Shusha wenzo, upandishe, kisha tulia."

Mlio ulipokwisha, beberu mmoja alikuwa amelala majanini.

Lugome alicheka, kicheko ambacho Nyamvula hakuwa amekisikia tangu mumewe augue. Kisha akaiomba bunduki, akaibana mapajani, na kwa mkono wa kushoto akaanza kuushusha wenzo. Ukakwama nusu. Nyamvula alinyoosha mkono kumsaidia, kisha akaurudisha mkono wake, akakaa juu ya jiwe kumsubiri amalize mwenyewe.