Kiboko Afunga Bomba

Kiboko ndiye aliyesimamia bandari ya mafuta katika nchi ya wanyama. Meli zilishusha mafuta kwake, akayaweka kwenye matangi, kisha pampu ikayasukuma hadi mjini kuendesha mtambo wa umeme. Kazi ya maana, hilo hatumnyimi. Ila cheo kilimlevya.

Siku moja wanyama wa mjini walipita getini bila kumsalimu. Kiboko akafunga bomba.

"Leo watanijua," alisema. "Sifungui mpaka waje kunipigia magoti."

Mtambo ukaishiwa mafuta, mji mzima ukakosa umeme. Kiboko akacheka mpaka tumbo likatikisika, akakaa kuwasubiri. Hawakuja. Joto likazidi, na feni yake haikuzunguka. Basi, akaamua kuwasamehe. Akafungua bomba, akabonyeza pampu. Kimya.

"Nungunungu, pampu ina nini?" alimwuliza fundi wake.

"Nzima kabisa, bosi. Inatumia umeme wa mjini."

Jioni wanyama walimwona Kiboko akiingia mjini kwa miguu, dumu la mafuta kichwani, akihema. Alimwamkia kila aliyekutana naye. Siafu waliokuwa wakivuka barabara aliwaamkia mmoja mmoja.