Ugomvi wa Kaa na Panya Buku

Sogeeni msikie ugomvi wa Kaa na Panya Buku. Walikaa shimo moja lenye giza, wakilinda watoto wao, kila mmoja akidai yeye ndiye mlinzi bora wa mlango. Buku alikuwa na pua kali, ila wageni walimpita kabla hajawanusa vizuri. Kaa naye alibana kila aliyeingia. Juzi kambana shangazi yake Buku.

“Shemeji, gando lako halijui mtu!”

“Na pua yako haishiki mtu!”

Mara akaingia Kenge, mla watoto. Kaa hakumtambua, ila maneno ya Buku yalikuwa bado yanamuuma, akamshika kidogo tu.

“Nusa, shemeji. Simwachi ng’o!”

Buku akanusa taratibu. “Ni Kenge! Bana!”

Ndipo Kaa akabana kwa nguvu zote. Kenge akakimbia, mkia ukabaki.

Mkia waliugombania mpaka ukaoza. Mlango hawakuugombania tena.