Pengo la Bi Hadia

Mahakama iliamua kuwa nyumba ni ya Bi Hadia, Rais asiiguse. Kesho yake mafundi wakaizungushia ukuta mrefu kwenye ardhi ya serikali, hatua moja tu kutoka kizingitini. Kufika alasiri lilibaki pengo la kupita mtu mmoja, tena asiwe ameshiba.

Rais alikuja mwenyewe, kavaa ndara, kikombe cha chai mkononi.

"Hongera kwa kesi, mama. Nyumba yako sijaigusa hata kwa kidole."

"Na mimi nitatokea wapi?"

"Hukumu nimeisoma yote. Habari za njia hazimo."

"Basi narudi kwa jaji."

"Nenda, nani kakuzuia? Ila ukitoka, kurudi ndani sijui utapitia wapi."

Fundi Chambuso, aliyekula pilau ya harusi ya binti wa Bi Hadia, alisema bila kumtazama, "Bibi, amua basi. Saruji inanikaukia."

Bi Hadia akaleta kigoda, akakiweka katikati ya pengo, akaketi, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

Rais akapuliza chai yake. "Endelea, fundi. Mama naye usimguse."

Chambuso akachukua tofali, akalipima taratibu kando ya bega la kushoto la Bi Hadia, kisha la kulia.