Mswada wa Mheshimiwa Nguchiro

Wanyama wa bonde moja walikuwa na bunge la viti saba, na kila kichaka kilimpigia kura mjumbe wake. Wenye viota walimchagua Kanga, mama kijana mwenye mayai tisa, mwoga hata wa kivuli chake, akaapishwa.

Siku hiyohiyo Nguchiro akaleta mswada: kila kiota kiachwe wazi, mkaguzi apite kuangalia usafi. Na mkaguzi nani? Si yeye mwenyewe Nguchiro!

Moyo ukamlipuka Kanga. Mayai yangu, jamani, mayai yangu! Akajikuta amesimama, hajui hata atasema nini.

"Mheshimiwa Spika, mimi... mimi naunga mkono, ila naomba marekebisho, tuongeze na mashimo, mashimo nayo yakaguliwe, tuanze na la mleta mswada, leo hii, twende sote!"

"Kaa chini, mama mayai!" Nguchiro akafoka. "Shimo langu linakuhusu nini?"

"Usafi tu, mheshimiwa," akajibu Kanga.

Wajumbe wakacheka, wakapitisha marekebisho palepale. Nguchiro akakumbuka maganda ya mayai yaliyojaa shimoni kwake, jasho likamtoka.

"Sasa tuupigie kura mswada wote," akasema Spika Nungunungu. "Wanaokataa?"

"Siyo!" akapiga ukelele mwenye mswada, kabla ya yeyote kufungua mdomo, na bunge zima likaitikia nyuma yake kwa furaha: "Siyo!"