Pesa za Dakika za Mwisho

Kuna mtu alikuwa akimwibia Jalmari Kettula bila kutia mkono mfukoni mwake.

Kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Lehtokangas, madau yote huingia kapu moja, uwanja hukata fungu lake, na waliompata mshindi hugawana linalobaki. Ubao mkubwa mbele ya jukwaa huonyesha kila farasi atalipa ngapi kwa euro moja. Mkiwa wengi kwa farasi mmoja, mgao unakuwa mdogo. Hakuna siri hapo.

Jalmari alikuwa na jicho la farasi. Mara nyingi alimwona mmoja wa kulipa kumi na mbili, akamwekea hamsini zake, akakaa. Halafu, farasi wakianza kujipanga, ubao ulishuka. Kumi na mbili, tisa, tano. Mtu amemfuata na pesa nyingi. Farasi alishinda, na Jalmari akaambulia chini ya nusu.

"Kuna mtu anakupenda sana, mzee," Urpo Sarkkinen alizoea kusema kutoka safu ya nyuma, akicheka.

Jalmari hakuhitaji kutafuta mwizi mwingine. Alipovunjika nyonga na kushindwa kununua majani, ni Urpo aliyekuja na trela akamchukua Helmikki, farasi jike bora kuliko wote ambao Jalmari aliwahi kuwalea, kwa bei ya nyama. Wizi wa ubaoni ulianza kiangazi kile kile. Sasa Helmikki alikuwa akimshindia Urpo vikombe.

Jumamosi hiyo Urpo alikuja na soseji mkononi.

"Umesikia? Jumatatu Helmikki anapanda meli. Kuna Mswidi anatoa elfu kumi na mbili. Labda mtu wa hapa aniwahi na pesa taslimu."

"Ungeniuliza mimi kwanza."

"Wewe? Wewe ukiuza nyumba na viatu vyako unapata kwato moja. Ya nyuma."

Watu wa safu ile walicheka. Jalmari naye alicheka kidogo, kwa sababu alikuwa ameshaamua.

Mbio ya tano, namba nane. Dume moja jeupe, limejaa nguvu na halina akili. Katika mbio hizi farasi huvuta kigari cha magurudumu mawili, na akiacha mwendo wake akaenda shoti, anatolewa. Namba nane alikwenda shoti kila mara. Jalmari alimtazama akipasha misuli, akaona masikio yamelala na povu limeanza mdomoni, akaridhika. Huyu hafiki popote.

Mfukoni alikuwa na euro mia sita, pesa ya injini ya boti. Alishazilia matanga. Angezitupa mbele ya Urpo kama nyama ya mtego, Urpo aje na zake, safari hii mpaka za mwisho.

"Leo unampenda yupi?" mkewe Kaisu alimuuliza. Aliuliza hivyo kila Jumamosi, ingawa alisema farasi wote kwake wana sura moja na ule ubao unamuumiza macho.

"Namba nane."

"Una hakika?"

"Sijawahi kuwa na hakika hivi. Namwekea mia sita."

Jalmari hakumwambia ukweli hata mkewe. Kaisu hajui kuficha jambo, alijisemea. Urpo angeusoma usoni mwake.

Kaisu alichukua mkoba wake na kushuka kwenda foleni ya kahawa.

Jalmari aliweka dau lake mapema, kwa sauti, kila mtu asikie. Namba nane alikuwa akilipa arobaini na nane. Dau hilo likamshusha hadi kumi na moja. Jalmari alirudi kukaa, mgongo kwa Urpo, macho ubaoni.

Vigari vikaanza kujipanga nyuma ya mstari. Kumi na moja bado. Akaanza kuogopa kwamba mwizi amenusa.

Kisha ubao ukapepesa. Moja nukta saba.

Jukwaa zima liliguna. Jalmari alipiga hesabu kichwani. Ili kuangusha namba kiasi hicho, mtu ameweka elfu saba na ushee. Hizo ni zaidi ya mawindo ya mtego. Hiyo ni ghala nzima.

"Kufa sasa," alisema polepole.

Kwenye kona ya kwanza namba nane alirusha kichwa, akaenda shoti, akatolewa. Dereva wake alimvuta pembeni kama mtu aliyezoea.

Jalmari alisimama, akageuka bila haraka. Alitaka kuiona ile sura. Urpo alikuwa akilamba haradali kidoleni.

"Imekuuma?"

"Nini?"

"Elfu saba zako."

"Zangu? Mimi sibeti, bwana. Nimelisha farasi maisha yangu yote. Niwajue hivi, halafu niwape na pesa?" Urpo alinyoosha shingo kutazama ngazi za kushukia kwenye madirisha ya tiketi. "Ila mhimize mkeo. Kaniomba nisimjibu Mswidi kwanza. Ati akishachukua pesa zake za mbio hii, ananilipa Helmikki mzima, elfu kumi na mbili."

Kaisu alikuwa amesimama chini ya ngazi, tiketi za namba nane mkononi, akimtafuta mumewe kwa macho.

Mia sita za Jalmari. Elfu saba na mia nne za Kaisu, alizozikusanya Jumamosi kwa Jumamosi kwa kuweka pale alipoweka mumewe. Na Helmikki.